Kwetu ni Keko

Tulipofika Kibaha, saa nne usiku,
upande wa pili wa barabara ulikuwa taa tupu:
basi nyuma ya basi, Rombo, Bukoba, Musoma,
watu na magodoro yao, na madumu ya mafuta ya kula,
wanaikimbia Dar kama nyumba iliyoingia siafu.
Upande wetu kweupe.
"Dada," kondakta akasema, "wenzio wanaenda kula Krismasi kwao.
Wewe na vifaranga hivi, kwa nani?"
Nikamwambia, kwetu.
"Kwenu wapi?"
Keko Machungwa.
Akacheka mpaka akakohoa.

Tangu Njombe, gizani, Tumsifu anauliza.
Makambako: tumefika?
Mafinga: tumefika?
Mikumi aliniamsha nione twiga.
Nilipofumbua macho
twiga alikwisha kuwa mti.

Lusungu alitapika Kitonga, kwenye kona ya tatu,
juu ya sweta langu, juu ya kikapu cha mama wa watu
aliyesema tu, "Ndiyo watoto,"
akanipa kanga ya kufutia
na akashuka Morogoro bila kuidai.
Ninayo mpaka leo. Sijui hata jina lake.

Baba yao kabaki. Ng'ombe yuko mwezi wa kuzaa.
Asubuhi ile aliwafunga watoto vifungo vyote hadi kidevuni,
mvuke ukimtoka mdomoni kama anayevuta sigara,
na Mbezi, mlango wa basi ulipofunguliwa,
joto halikungoja tushuke,
lilipanda ngazi likatufuata kwenye viti.
"Mama," Tumsifu akasema, "nani kaacha jiko linawaka?"

Mama alikuwa kwenye kizingiti na khanga kifuani.
Hakusalimia.
Aliwavua masweta palepale, kama anayemenya viazi,
akawamwagia maji ya ndoo, saa sita usiku, uani,
akinisema mimi kwa kuwakondesha
na debe la parachichi kwa kuwa zito.
Ndipo akanishika uso kwa mikono yenye povu.
Miaka mitatu. Nilikuwa nimesahau
kwamba kidole gumba chake kina kovu la sindano.

Kulipokucha Tumsifu alizunguka nyumba mara mbili.
Mwalimu wake alisema Krismasi watu huenda kijijini,
na kijijini kuna shamba, kuna ng'ombe, kuna mto.
"Bibi, shamba liko wapi?"
Bibi akamwonyesha kopo la rangi lenye mchaichai.
"Na mto?"
"Huo huja wenyewe. Mvua ikinyesha unaingia mpaka chini ya kitanda,
hata viatu hauulizi ni vya nani."
"Na ng'ombe?"
Akafunua kitambaa pembeni mwa dirisha:
cherehani nyeusi, maua ya dhahabu yamefutika kwa kushikwa.
"Huyu hapa. Nilimkamua usiku na mchana,
mama yako akasoma kwa maziwa yake."
Tumsifu akaitazama kwa muda.
Akaizungusha gurudumu, kidogo tu, kwa heshima.

Sikuwaambia mengine.
Kwamba kitovu changu kimezikwa nyuma ya choo cha kina Mbwana
na sasa pana zege na pikipiki tatu.
Kwamba sijui ukoo wetu ulitoka mlima gani,
marehemu baba alipoulizwa alisema, "Sisi ni wa kituo kinachofuata."

Siku ya sikukuu masweta mawili yalining'inia kambani,
vifungo vyote vimefungwa, mikono imenyooka juani,
na majirani wakapita wakiyapa pole.
Lusungu, baada ya pilau, alilala tumbo wazi
kwenye sakafu ya saruji,
akiwa ameigundua Njombe yake chini ya meza.

Jioni baba yao akapiga simu.
Tumsifu akainyakua kabla yangu:
"Baba! Ng'ombe wa Bibi hali majani.
Analala amefunikwa kitambaa.
Wetu amezaa?"