Ukuta wa Leseni

Nyuma ya mizani, upande usiopigwa na jua,
kuna ukuta wa chokaa wenye matundu arobaini na moja.
Nimeyahesabu. Kila tundu lilikuwa msumari,
kila msumari ulibeba cheti
kilichokwisha muda wake siku moja kabla sijajua.

Duka hili la halwa, hapa Langoni, alilianza babu
kwa sufuria moja ya shaba na leseni ya shilingi sita
iliyoandikwa kwa mkono, herufi zake zimelala
kama zilizochoshwa na joto.
Hiyo peke yake sijaing'oa.

Nyingine zimekuja na kwenda:
ya biashara, ya afya, ya zimamoto
(mtaa huu gari la zimamoto haliingii,
hata punda wawili hupishana kwa adabu),
na ya bango, kwa kuwa jina la babu juu ya mlango
siku hizi ni tangazo, na tangazo lina ada
kwa kila mita ya mraba.
Nilipanda ngazi na futi ya mshonaji
nikalipima jina la babu.
Bwanaheri na Wanawe.
Nikafuta "na Wanawe".
Kaka zangu walioko Jeddah hawajaambiwa.

Alfajiri, kabla moto haujashika, nafungua simu.
Gazeti la Serikali hutoka Ijumaa,
lakini sheria haina Ijumaa:
hushuka na muuza sukari wa Mokowe,
imeshatiwa chumvi njiani;
huja kwa ndimi za wakaguzi wawili,
mmoja wa kaunti, mmoja wa taifa,
wasiosomana.

Nina daftari la kijani.
Kushoto: wamesema. Kulia: ni kweli?
Katikati, kwa wino mwekundu, siku ya mwisho.

Ushuru wa sukari: bado ni mswada.
Risiti za mtandaoni: kweli. Kifaa si lazima, simu yatosha.
Ada ya afya kupanda: mahakama imesimamisha.
Nilishalipa. Kurudishiwa: "tutawajuza."

Kadzo, mhasibu wetu wa Malindi,
husoma vifungu huku akitafuna muhogo.
"Dada," huniambia, "tafuta palipoandikwa 'isipokuwa'.
Riziki yako imelala humo."

Halwa haisubiri. Ukishatia wanga
mwiko hausimami, ukisimama chini panashika,
na harufu ya kuungua haitoki hata kwa iliki.
Basi nimejifunza kusoma kwa mkono wa kushoto.

Mara moja tu niliacha.
Mama alipofariki sikuligusa daftari siku arobaini.
Nilipolifungua nilikuta faini:
duka nililolifunga kwa msiba
kisheria lilikuwa wazi.

Baba, tangu macho yaingie ukungu,
hukaa kwenye kigoda karibu na jiko.
"Imekuya ipi leo?" huniuliza,
kama anayeuliza mgeni gani kashuka.
Walipopiga marufuku mifuko ya plastiki
alicheka mpaka akakohoa,
akaagiza vikapu vya ukili kutoka Siyu.
"Wamezunguka weee," akasema,
"wamerudi kwa babako."

Leo kaja afisa kijana, viatu vyake vipya
vinamuuma kwenye mawe ya mtaa.
Vyeti vyote sasa ni kimoja, kasema,
kimo ndani ya simu, hakitundikwi.
Kala kipande cha halwa, kalipa, kadai risiti.
Nikamtolea. Akaikagua.

Nikang'oa msumari wa mwisho.
Baba kaja polepole, kautandaza mkono ukutani,
vidole vikiingia tundu hata tundu.

"Nimwite fundi, tuzibe?"

"Wata kwanda," kasema.
"Mwezi wa saba haujafika."

Misumari nimeitia kwenye mkebe wa iliki.
Nikaandika, upande wa kushoto:
havitundikwi tena.
Wa kulia nimeuacha.