Kifungu cha Saba

Chumba tunakodi wawili, hapa Kanyenye:
cherehani yangu mlangoni, penye mwanga,
meza yake ndani, na simu, na kaunta buku
lenye majina ya wameza moto, wacheza na chatu,
waigaji wa sauti za wakubwa,
na mmoja wa Nzega anayetembea kwa mikono
akimimina chai kwa miguu.
Wenye tumbaku wa Urambo wakishalipwa
simu hailali.
"Mnataka wa kuchekesha au wa kutisha?
Wa kutisha ana bei."
Asilimia kumi ni yake Kashindye.
Hapunguzi hata kwa shemeji.

Mimi namjua tangu akiitwa Mzigo.
Nilimshonea suruali ya viraka,
mifuko sita, na mmoja wa siri wa kuku hai.
Kazi yake ilikuwa kuanguka:
kwenye ngazi, kwenye baiskeli,
kwenye kiti alichokaribishwa kwa heshima.
Ukumbi wa reli ukilipuka, Mzigo umeshuka!
na kuku akichomoza, akiwatazama watu
kama karani wa mahakama.

Usiku wa mwisho ngazi ilivunjika kweli.
Alilala pale akamwita mama yake.
Watu wakacheka.
Akamwita tena, kwa Kinyamwezi;
wa nyuma wakapanda juu ya mabenchi ili waone.
Mpiga ngoma, kijana mwepesi, akaongeza mdundo.
Mimi pia nilicheka. Nalisema hapa
kwa kuwa yeye hajawahi kuniuliza.
Nilikuja kuelewa Kitete, hospitalini,
nikiikata suruali yangu mwenyewe kwa mkasi,
nyonga imekaa upande usio wake.

Juzi kaja kijana wa Sikonge, Lugembe,
ngazi begani. "Mzee, najua kuanguka."
Akaanguka. Pini zangu zikatapakaa.
Kashindye hakucheka, ofisini huwa hacheki.
"Unafika chini mapema.
Anayeanguka bado ana jambo lake la kumalizia.
Mtafutie jambo."
Akainua mkono mmoja tu,
kiganja kikaanza kushuka, kikasita
kama kimekumbuka chungu jikoni,
kikarudi juu kidogo, kikajuta,
kisha mezani, pu!
Nilicheka hadi uzi ukakatika.

Halafu mkataba. Nauli, chakula, asilimia.
Kijana akasoma akifuata kwa kidole
mpaka kifungu cha saba:

Msanii akilala chini kupita hesabu ya kumi
ngoma inyamaze, taa ziwashwe,
mtu aende kumuuliza.

"Na kama ndio mchezo wenyewe, mzee?"
"Basi mchezo utakuwa umeharibika.
Utalipwa nusu."
"Nusu?"
"Weka sahihi."

Simu ikaita. Urambo.
Nikainama kuokota pini, moja moja,
na sikujua nahesabu
mpaka nilipofika tisa.