Kitonga, Bado

Masanduku matatu juu ya meza ya Ambakisye,
kati ya kopo la grisi na chapati iliyoliwa nusu.
Nje, Mwanjelwa inanyeshewa. Altezza yangu imefunuliwa boneti
kama mgonjwa anayemsubiri daktari amalize chai.

Turbo tumeshaifunga. Hapo hapakuwa na mjadala:
nilikuwa nimeuza viazi vya misimu miwili
na roho ilitaka kitu cha kupiga mluzi
kwenye mlima wa Iwambi, mbele ya malori ya Tunduma.
Ila kompyuta iliyokuja na gari haina habari ya turbo.
Inamwaga mafuta kwa kipimo cha jana,
kama mama aliyezoea kupikia wanne
na leo mlangoni wamesimama kumi na mmoja.

Sanduku la kwanza, dogo, ni la kudanganya.
Linakaa kati ya sensa na kompyuta, linapindisha neno njiani.
"Shahidi wa kununuliwa," anasema Ambakisye.
"Siku atakayosahau alichofundishwa, pistoni inatoboka."

La pili linang'aa. Linaamrisha kila nozeli peke yake,
linaandika kila pumzi ya injini,
lina hata mpango wa kuchomoka kwenye taa za barabarani.
Nikahesabu taa ninazopita kwa wiki: mbili.
Bei yake ni shamba langu la Isyonje, na ndama.

La tatu ni lile lile la kiwandani:
unalifungua, unalifundisha upya,
unalifunga kwa skrubu zake.

Nikampigia Sharifu wa Dar, anayeandika ramani za mafuta.
"Chukua la pili, dada. Huku kwetu linaimba."

Huku kwenu.
Nikamkumbuka wifi yangu wa Tanga, siku yake ya kwanza Uyole.
Aliinjika maharage saa nne asubuhi.
Saa nane maji yanatokota kwa fujo, maharage bado changarawe.
Akalaumu kuni, akalaumu sufuria, akailaumu mbegu yangu.
Hakuna aliyekuwa amemwambia
kwamba huku maji huchemka kabla hayajapata moto wa kweli,
kwamba hewa yetu ni nyepesi, haikandamizi chungu.

Nikauliza: Sharifu, ramani yako inayajua maharage?
Kimya. Akadhani mtandao umekatika.

Ambakisye hakucheka. Alifuta mikono, kidole kwa kidole.
"Hilo la pili ni zuri, sikatai.
Lakini likikugomea Chimala saa saba usiku,
na mzigo wa mbegu nyuma, nani ataliongelesha?
Mimi siwezi. Laptopu ninayo. Lugha yake sijui."

Miaka kumi na minne nimepeleka magari kwa mafundi.
Sijui, sikuwahi kulisikia.
Nikakaa juu ya tairi kuukuu, nikachagua.

Alfajiri tatu tulizunguka, mimi usukani, yeye na laptopu magotini:
Uyole, Isyonje kwenye ukungu, kisha chini Igurusi kwenye joto.
"Kanyaga. Acha. Kanyaga tena, taratibu, kama unamwamsha mgeni."
Mafuta yakapunguzwa huku juu, yakaongezwa kule chini,
kijiboksi kwa kijiboksi, mpaka macho yake yakawa mekundu.

Leo ni Juni. Umande umeganda kwenye kioo.
Nimezungusha ufunguo, imekataa. Mara ya pili imeshika,
silensa ikayumba, ikatulia.
Upepo wa turbo tuliupunguza; mluzi umebaki mdogo,
wa mtu anayejipigia mwenyewe jikoni.
Malori ya Tunduma nayapita. Si yote.

Na nikipanda Kitonga bado inatema moshi mweusi,
kidogo, kwenye kona ile yenye maporomoko ya mawe.
Nilimwambia. Akafungua kisanduku,
akachukua peni, akaandika ndani ya mfuniko,
chini ya tarehe na namba zake:
*Kitonga, bado.*