Kipande cha Reli

Kengele ya shule yetu, Nachingwea, ilikuwa kipande cha reli
kilichoning'inizwa kwenye mkorosho.
Mshika zamu alikigonga kwa nati ya trekta.
Treni yenyewe hakuna aliyewahi kuiona,
wala karanga za Mwingereza zilizoigoma ardhi.

Siku ile somo lilikuwa Anguko la Rumi.
Mwalimu Nakotyo alikuwa na kitabu kimoja,
kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa.
"Dola ikifa," akauliza, "huzikwa wapi?"
Muhidini akasema: makaburini.
Tukacheka. Mwalimu hakucheka.
Akatutoa nje, mistari miwili, hadi mtaani:
nguzo ya zizi la mbuzi kwa kina Chikawe, reli;
kizingiti cha duka la mafuta ya taa, taruma;
fuawe ya mhunzi, chuma ambacho
mhunzi mwenyewe hakujua kilikuwa nini.

"Hakuna aliyeiangusha. Iliacha kuja tu.
Mwaka mmoja karani wa kodi hakuja.
Wa pili askari hakulipwa, akaoa hapo hapo.
Wa tatu daraja likabomoka,
na fundi wake alishakufa bila mwanafunzi.
Kisha njaa, na vishindo vya farasi usiku.
Mkulima akatazama huku na huku,
akaona ukuta mmoja, ghala moja, upanga mmoja.
Akapiga goti. Akatia viganja vyake
ndani ya viganja vya mwenye ghala:
nilinde, shamba ni lako.
Wajukuu wake walizaliwa
wakakuta goti limeshapigwa."

Somoe Mkwinda akanyoosha mkono.
"Mwalimu, hiyo si kangomba?"

Kimya.
Sote tuliujua unga wa Februari,
unaolipwa kwa korosho za Oktoba
ilhali mti haujatoa hata ua.
Baba yake Somoe alisharehani mikorosho kumi na saba
kwa Bwana Nalinga,
na Nalinga ndiye aliyetununulia madawati.

"Inafanana," akasema Mwalimu, polepole.
"Ila wale hawakuwa na mahakama ya kukimbilia."
"Sisi tunayo?"

Reli ikagongwa. Tukaenda kula.

Somoe aliomba kitabu kile, akakinakili kwenye daftari
kwa mwanga wa koroboi, usiku tatu,
kama watawa wa zama zile, vidole vimeganda kwa baridi,
wakitunza hata maneno wasiyoyaelewa.
Palipoliwa na mchwa aliacha mistari mitupu,
akaihesabu: arobaini na mmoja.
Hakubuni hata neno.

Daftari ninalo mimi. Alinipa alipoacha shule.

Sasa ni karani wa mizani ghalani.
Juzi nimepima korosho za mikorosho ile kumi na saba,
kilo mia mbili na sita, daraja la kwanza.
Kwenye safu ya mkulima nikaandika: Nalinga.
Mkono haukutetemeka.
Ng'ambo ya barabara mtoto alikuwa anagonga reli,
anagonga,
na wenzake wanakimbilia mstarini.