Nusu ya Mbarouk

Mikarafuu yake tuligawana kwa sharia,
kaka zangu mafungu mawili mawili, mimi langu moja.
Laptopu hakuna aliyeitaja.
Ilikuwa juu ya kabati, imefungwa kanga,
betri imekufa, herufi R imeng'oka.

Nikaipeleka kwa Shaame, Limbani,
kibanda chake kati ya kinyozi na muuza mafuta ya taa.
Akaiwasha. Ikauliza nywila.
Nikajaribu jina la mama, mwaka wake wa kuzaliwa,
timu aliyoilaani kila Jumamosi.
"Nifute yote, mwalimu? Itakuwa nyepesi kama unyoya."
Nikasema: Usifute. Gawa.

Akaigawa diski kama kadhi anayeogopa lawama:
huku kwa marehemu, kama alivyokuacha,
huku kwangu, mfumo mpya wa bure
kutoka kwenye flashi iliyofungwa uzi mwekundu.

Tangu siku ile, kila nikiwasha,
skrini nyeusi huniwekea mistari miwili
na sekunde kumi za kuamua.
Nisipogusa kitu naingia kwangu:
maksi za darasa la sita, barua za skuli.

Ila kwangu kuna mlango wa uani.
Shaame hakuniambia;
niliugundua usiku, natafuta kitu kingine.
Nusu ya Mbarouk hufunguka kutoka huku bila nywila,
kusoma tu,
kuandika hapana.
Nikapita kama mgeni aliyevua viatu.
Picha sikuzigusa.
Faili moja liliitwa MADENI,
na deni la maiti halilali.

Muuza saruji, alfu themanini: limepigwa mstari.
Hidaya, ada ya chuo: *simdai*.
(Hidaya ni mimi.)
Na chini kabisa:
Shaame, kioo cha laptopu, alfu arobaini.

Asubuhi nikampelekea.
Mara ya kwanza alikataa.
Mara ya pili akazitia mfukoni bila kuhesabu,
akageuza maneno:
"Saa ya kule kwake inachelewa, saa tatu nzima.
Mifumo miwili haikubaliani wakati.
Amri ya mstari mmoja tu, naiweka sawa."

Najua. Jana nilichagua mstari wa pili, makusudi.
Nje magharibi ilikwishaadhiniwa,
watoto wanaitwa ndani,
na kwake, juu ya kisanduku cha nywila,
ilikuwa saa tisa na dakika ishirini,
laasiri haijaingia bado.

"Iache," nikamwambia.