Shika Upande Huo

Mara ya tisa tangu majani yapukutike
nilikaa mbele ya Daktari Bronwen
nikamhesabia: goti, kifua, usingizi,
na kitu hapa katikati kisicho na jina.

Hakunifunga kipimo cha presha. Aliuliza,
"Idwal, mtu wa mwisho kuongea naye ni nani?"
Nikafikiri.
"Wewe," nikasema. "Mwezi uliopita."

Akaandika.
Bila miwani mimi sisomi,
nikaipeleka karatasi kwa mfamasia kama kawaida.
Akaisoma. Akairudia.
"Hii haipo rafuni, mzee.
Iko nyuma ya kanisa la Bethania,
Jumanne, saa nne asubuhi."

Nimeomba dawa, nimepewa anwani!

Nyumbani nikaisoma mwenyewe:
*Karakana ya kutengeneza vitu. Nenda na kitu kibovu.*
Nikacheka jikoni, kicheko kikanishtua.
Kitu kibovu?
Ningeweza kwenda mikono mitupu.

Wiki ya kwanza nilipita mlangoni
nikijifanya nawahi basi.
Wiki ya pili nilifika na redio ya Gwenllian chini ya koti.
Ilinyamaza miezi miwili baada yake
wala sikuilaumu.
Dirishani niliona mvuke wa chai, migongo ya watu,
nikarudi nayo.
Nerys, yule ambaye kazi yake
ni kuunga watu kama fundi bomba aungavyo mabomba,
akanipigia simu: "Ulikwenda?"
"Nilikwenda."
Akanyamaza kidogo. "Basi wiki ijayo nenda tena,
ila safari hii ingia."

Wiki ya tatu, mvua.
Mvua ya Blaenau haianzi wala haiishi,
inabadilisha zamu tu, kama sisi zamani machimboni.
Mlango wazi, na mwanamke wa ovaroli
amekwama kizingitini na meza ndefu.
Hakuniuliza jina. Hakuniuliza hali.
Hakunipa pole,
na pole nilikuwa nazo za kutosha kuezekea nyumba.
Alisema, "Shika upande huo."

Nikashika.

Miaka minne nilikunja mashuka peke yangu,
ncha moja nimeibana kwa kidevu.
Miaka minne hakuna kitu
kilichokuwa na upande wangu.

Ndani alikuwepo Tadeusz na pasi yake iliyoungua,
bibi Haf aliyeleta birika zima kabisa
ili apate kukaa,
na Rima, binti wa Homs, mwenye bisibisi sikioni
kama kalamu ya karani.
Akaifungua redio, akapuliza.
"Vumbi tu, mzee."
Vumbi nalijua. Miaka thelathini na moja nikipasua mawe,
nusu ya mlima ule ninao mapafuni.
Nikamwonyesha namna ya kupuliza bila kukohoa.
Akajifunza. Mimi niliendelea kukohoa.

Sisemi nimepona.
Goti bado linapata habari za mvua kabla ya mawingu,
na saa tisa ya usiku
ni saa tisa ya usiku.
Lakini Januari mafua yaliniangusha, Jumanne moja ikanipita,
na kabla ya adhuhuri walikuwa watatu barazani
na supu yenye chumvi ya kuua samaki,
wakigombana nani angepaswa kubisha mapema.
Nikawafokea kwa kelele zao.
Wakaingia.

Kisanduku changu cha vidonge kina vyumba saba.
Katika cha Jumanne, kando ya kidonge cheupe,
nimeweka parafujo ndogo
iliyosalia tulipoifunga redio.
Tumeitafutia mahali, hatukupaona.
Redio inasema vizuri bila hiyo.
Rima alitaka kuitupa
nikamshika mkono.
Siku hizi sipendi kuona kitu kinatupwa
kwa kuwa tu kimesalia.