Uvunguni

Shemeji amekuja na daftari,
amelipiga mstari katikati kama anayegawa kiwanja:
huku Mitimirefu, huku Relini.
Ufaulu wa darasa la saba. Idadi ya walimu.
Matundu ya choo, mangapi kwa wasichana wangapi.
Anasoma kwa sauti, nami nasikiliza napiga randa,
maana mninga haungoji mjadala.

Mitimirefu inaongoza, anasema.
Bati jipya, bomba uani, mwalimu wa hisabati wawili.
Relini wamo themanini na wawili chumba kimoja,
na treni ya mizigo ikipita saa nne
mwalimu hunyamaza, chaki imesimama hewani,
mpaka behewa la mwisho.
“Kizuri chajiuza,” anafunga daftari.
Kibaya chajitembeza, namalizia.
Na kilichovunjika huletwa kwangu.

Miaka kumi na mmoja, hapa Isevya,
mkokoteni wa Mhoja unanishushia madawati ya shule zote mbili.
Shule hizi mimi nazijua kwa chini.

La Mitimirefu huja na mguu wa nyuma umekatika:
mtoto ameegemea, amebembea, amesinzia.
Juu linang'aa bado. Kwenye rafu, makombo ya michembe.
Nikiligeuza, uvunguni hakuna kitu.
Nimepapasa zaidi ya mia: laini,
kama mlango wa ofisi.
Huko, nasikia, anayechora dawati mzazi wake hulipa faini.

La Relini huja limelika ukingoni
pale viwiko vya wanne vilipogombea nafasi ya wawili.
Uvunguni, siku moja, nilikuta jedwali la saba,
lote, limechongwa kwa ncha ya bikari.
Saba mara nane: hamsini na nne.
Mkono mwingine umeikata nne, ukaweka sita.
Mkono wa tatu, herufi ndogo, za kulala:
asante.

Nilikaa na dawati lile siku mbili, msasa mkononi.
Nikabadili mguu. Msasa nikaurudisha kwenye boksi.

“Hilo sasa,” shemeji anauliza, “niliweke safu ipi?”

Sina safu. Tena nisimdanganye:
mwaka uleule, shule ileile,
nilikuta *njaa*, imekatwa kwa kina,
na pembeni yake, *hata mimi*.
Hilo nililipiga msasa.
Sijui kwa nini. Bado linaniuma.

Mama Nyamizi ametoka jikoni na mwiko.
Yeye hana daftari.
“Choo,” anasema. “Mtoto wangu wa kike.
Mimi nilisoma mpaka la sita,
la saba nikawa nakosa siku tano kila mwezi,
unafikiri nilikuwa naumwa?”
Shemeji anatazama viatu vyake.
Miaka tisa ya ndoa, sikuwahi kusikia habari hiyo.
Randa imesimama yenyewe.

Basi. Mitimirefu.
Uandikishaji unafungwa Ijumaa, cheti cha kuzaliwa kipo,
sare nitakopa kwa Lugembe.
Na Relini, deni lao la madawati kumi na mawili
nimeliacha lilale; likiamka tutaonana.

Usiku, taa ya sola imebaki nusu ya nguvu,
madawati arobaini ya Mitimirefu yamepangwa uani
miguu juu, kama mbuzi waliochinjwa,
yanangoja vanishi asubuhi.
Nyamizi amelala. Sijui ataketi lipi.
Kwa hiyo nachukua patasi ndogo, naanza la kwanza,
nachonga, napuliza vumbi, nahamia la pili:

*saba mara nane?*

Jibu sijaandika. Nimeacha nafasi ya mikono mitatu.

Faini nitalipa mimi.